Nyumbani ni Wapi? Maoni ya Wasomaji kuhusu Safari ya Binyavanga Wainaina na Pengo la Mpaka wa Busia na Tororo

IKISIRI

Makala haya yanahakiki jinsi wasomaji walivyoipokea safari ya Binyavanga Wainaina kutoka Nakuru hadi Bufumbira, kusini-magharibi mwa Uganda, kama inavyosimuliwa katika Discovering Home, andiko lililoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2002, na katika tawasifu yake ya mwaka 2011, One Day I Will Write About This Place. Wasomaji wengi wameichukua safari hiyo kuwa kisa cha upendo wa nyumbani na cha mtu kujitambua. Makala yanadai kwamba usomaji huo una msingi katika matini, lakini umepita juu ya mpaka bila kuuona, kama msimulizi mwenyewe anavyoupita. Kwa kuongozwa na nadharia ya upokezi, na kwa kuisoma safari hiyo kutoka Busia na Tororo, makala yanaonyesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuutia maswali utanzu wa tawasifu ya safari: tofauti ya kwangu, kwetu na kwao, na tofauti ya kujitambua na kutambuliwa. Inahitimishwa kuwa mpaka ulioachwa nje ya safari ya mwaka 1995 unarudi kwa uchungu katika maandishi ya mwandishi huyo ya mwaka 2014, na kwamba msomaji wa mpakani ndiye aliye katika nafasi nzuri ya kuuona unaporudi.

1.0 Utangulizi

Tawasifu ya safari ni utanzu unaotoa ahadi mbili kwa wakati mmoja. Humwahidi msomaji kwamba ataonyeshwa mahali asipopajua, na kwamba atamwona msimulizi akirejea akiwa mtu mwingine. Katika miaka ya karibuni ahadi ya pili imeimeza ya kwanza. Kitabu cha Elizabeth Gilbert, Eat, Pray, Love cha mwaka 2006, kilichotengenezewa filamu mwaka 2010, kinamchukua mwanamke wa Marekani aliyetoka katika ndoa iliyovunjika hadi Italia, India na Indonesia, na katika kila nchi anapata kipande kimoja cha nafsi yake. Afrika Mashariki nayo ilitiwa katika mkondo huo mapema zaidi. Die weiße Massai cha Corinne Hofmann, kilichotoka mwaka 1998 kwa Kijerumani, kinasimulia mapenzi ya Mswisi huyo kwa kijana wa Kisamburu aliyemwona katika pwani ya Mombasa, na maisha yao huko Barsaloi. Kitabu hicho kilipata wasomaji wengi sana Ulaya na kikatengenezewa filamu mwaka 2005. Walioshuhudia ndani yake ujasiri wa mwanamke wamekisifu. Walioona kwamba Wasamburu wamegeuzwa mandhari ya moyo wa mgeni wamekilaumu.

Hata hivyo, maandishi ya safari, upendo na nafsi hayakuletwa Afrika Mashariki na wageni pekee. Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa Aden na mfanyabiashara Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake nchini Ujerumani. Salim bin Abakari alisafiri hadi Urusi na Siberia mwishoni mwa karne ya 19, na maelezo yake yamo miongoni mwa Safari za Wasuaheli zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901. Wasomaji wa Kiswahili, kwa hiyo, wanao urithi wao wa kupimia msafiri anayejisimulia.

Katika muktadha huo, safari ya Binyavanga Wainaina ina nafasi ya pekee. Msafiri si mgeni kutoka mbali. Ni kijana aliyezaliwa Nakuru mwaka 1971, baba yake Mkenya na mama yake mzaliwa wa Bufumbira katika wilaya ya Kisoro, nchini Uganda. Anasafiri kwenda kwao mama yake ambako babu na bibi wanaadhimisha miaka 60 ya ndoa. Barabara kutoka Kisumu hadi Kampala, aliyoifuata, hupita Busia. Makala haya yanauliza: wasomaji wameona nini katika safari hiyo, hawakuona nini, na msomaji wa Busia au Tororo anaongeza nini katika maoni hayo?

2.0 Msingi wa Kinadharia

Makala yanatumia nadharia ya upokezi kama ilivyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Hans Robert Jauss, katika hotuba yake ya mwaka 1967, alitoa hoja kwamba historia ya fasihi haiwezi kuandikwa kwa kuorodhesha watunzi na kazi zao tu. Lazima iwazingatie wasomaji na upeo wa matarajio wanaouleta katika usomaji. Kazi moja hupokewa kwa namna tofauti katika vizazi tofauti kwa sababu upeo huo hubadilika. Wolfgang Iser, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu tendo la kusoma, aliongeza kwamba matini yoyote ina mapengo. Mwandishi hasemi yote, na msomaji hulazimika kuyajaza mapengo hayo kwa tajriba yake. Maana huzaliwa katika kujaza huko.

Nadharia hiyo ina udhaifu mmoja unaohusu mjadala huu. Msomaji anayezungumziwa na Iser hana anwani. Haijulikani anasoma akiwa wapi, kwa lugha ipi, wala njia gani anapita kwenda sokoni. Makala haya yanampa msomaji huyo anwani. Msomaji wa mpakani anayetajwa hapa si mtu mmoja aliyehojiwa, wala si wastani wa watu wengi. Ni nafasi ya kusomea inayojengwa kutokana na historia na lugha za mahali panapojulikana.

3.0 Maoni ya Wasomaji: Kutoka 2002 hadi 2014

Mjadala wa kwanza kuhusu Discovering Home ulikuwa wa utanzu. Tuzo ya Caine hutolewa kwa hadithi fupi, ilhali andiko hilo linasimulia safari za kweli za mwandishi, watu wa kweli na mahali pa kweli. Aidha, lilichapishwa kwanza katika mtandao wa intaneti, si katika jarida la karatasi. Swali la kama hiyo ni hadithi au ni kumbukumbu halikuwa la waainishaji tu. Msomaji anayesoma hadithi humruhusu msimulizi kuruka atakapo. Msomaji wa kumbukumbu ana haki ya kuuliza kilichorukwa.

Mkondo wa pili wa maoni uliisifu kazi hiyo kwa kuionyesha Afrika bila ya kuisikitikia. Sifa hiyo ilipata nguvu mwaka 2005 Wainaina alipochapisha katika jarida la Granta insha yake ya dhihaka kuhusu namna ya kuandika habari za Afrika. Tangu hapo wasomaji wengi waliirudia safari ya Bufumbira wakiiona kuwa jibu la vitendo kwa wasafiri aliowakejeli: hapa hapana njaa ya kupigiwa picha, hapana machweo yasiyo na watu, pana shangazi, wajomba, binamu na mazungumzo yasiyokwisha. Jarida la Kwani?, aliloliasisi pamoja na wenzake baada ya tuzo hiyo na lililoanza kutoka mwaka 2003, lilikuza kizazi cha wasomaji na waandishi wa Nairobi waliozoea macho ya aina hiyo.

Tawasifu ya mwaka 2011 ilifungua mkondo wa tatu. Iliwafikia wasomaji wengi wa Marekani, hasa baada ya kuingizwa katika orodha ya vitabu vya kiangazi ya Oprah Winfrey mwaka huo. Kwa wasomaji hao, kitabu kilikuwa kisa cha mvulana mwenye haya, mpenda vitabu, aliyepotea katika masomo yake Afrika Kusini na hatimaye akajipata kama mwandishi. Upeo wao wa matarajio ulikuwa umekwisha kuandaliwa na vitabu vya kujitafuta. Wengine walilalamikia mtindo: sentensi za wakati uliopo, vipande vinavyokatika, maneno ya kubuni kama kimay, ambalo ni jina alilolipa mtoto yule kwa lugha na sauti zinazomzunguka bila ya yeye kuzielewa. Wengine waliona kuwa mtindo huo ndio utajiri wenyewe wa kitabu.

Mkondo wa nne ulianza Januari 2014, alipochapisha insha aliyoieleza kuwa sura iliyopotea ya tawasifu yake. Humo alimwambia mama yake, aliyekwisha kufariki mwaka 2000, kwamba yeye ni shoga. Insha ilitoka mwezi mmoja kabla ya Rais wa Uganda kutia saini sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na maoni ya wasomaji yaligawanyika vikali: wapo waliomwona shujaa, na wapo waliomkataa kwa misingi ya dini na desturi. Kwa uhakiki wa fasihi jambo moja halina shaka. Baada ya hapo haikuwezekana tena kuisoma tawasifu kama ilivyosomwa awali. Kimya kilichodhaniwa kuwa haya ya mtoto mpole kilionekana kuwa na sababu nyingine.

Mikondo yote minne inatofautiana kuhusu aina ya nafsi iliyopatikana. Inakubaliana, hata hivyo, kwamba kisa ni cha nafsi kujipata. Hakuna unaoanza na swali la barabara.

4.0 Pengo kati ya Kisumu na Kampala

Katika Discovering Home msimulizi anaeleza mandhari ya milima ya Mau, anateremka hadi Kisumu, kisha masimulizi yanaharakia Kampala ambako wanafika usiku. Kwa msomaji wa Nairobi au wa London hapo hapana pengo. Pana ufupisho wa kawaida wa safari ndefu. Kwa msomaji wa mpakani, kilichofupishwa ni dunia yake nzima.

Mahali hapo si kimya. Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Wasamia wanaishi pande zote za Mto Sio, na Wateso wanaishi pande zote za Malaba. Kaskazini kidogo ya Busia, chini ya Mwamba wa Tororo unaoonekana kutoka mbali, Jopadhola na Wateso wanakutana na reli itokayo Mombasa na malori yaendayo Kampala. Busia ya Uganda yenyewe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi ilipofanywa wilaya mwaka 1997. Neno boda boda, linalotumika leo kotekote Afrika Mashariki, asili yake ni mpaka huu: waendesha baiskeli waliowabeba abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha waliwaita kwa kutaja neno la Kiingereza la mpaka mara mbili. Magendo na njia za panya ni misamiati ya maisha ya kila siku hapa.

Historia ya mpaka huu nayo inaitikisa safari ya Wainaina kwa namna ambayo wasomaji wake hawajaizingatia. Hadi mwaka 1902, Mkoa wa Mashariki wa himaya ya Uganda ulifika Bonde la Ufa. Mwaka huo mkoa huo ulihamishiwa himaya ya jirani ambayo baadaye iliitwa Kenya. Nakuru, mji alikozaliwa mwandishi, ulikuwa ndani ya mkoa huo. Kwa upande mwingine, Bufumbira haikuwa Uganda wakati huo. Iliingizwa Uganda baada ya makubaliano ya mwaka 1910 baina ya Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji. Babu wa mtu angeweza kuzaliwa Nakuru ya Uganda na bibi akazaliwa Bufumbira isiyo ya Uganda. Msimulizi anavuka kutoka nchi ya baba kwenda nchi ya mama, na wasomaji wamezichukua nchi hizo mbili kuwa za asili kama milima. Ni ndugu wawili waliogawiwa majina na karani mmoja.

Zipo pia kumbukumbu za karibu zaidi. Mtoto wa tawasifu anaikua Uganda akiijua kama nchi ya mama iliyovunjika. Jamaa wanakuja kutoka huko wakiwa na habari za Idi Amin, na Kenya inaonekana kuwa sebule tulivu inayowapokea. Picha hiyo ni ya kweli kwa miaka ya 1970, na Busia ilikuwa mmojawapo wa milango ya sebule hiyo. Lakini msomaji wa mpakani anakumbuka mengine pia. Anakumbuka kwamba mwaka 1976 Amin alidai sehemu ya magharibi mwa Kenya, kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na kwamba Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalifyatuliana risasi hapo hapo Busia. Anakumbuka zaidi mwanzo wa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ambapo mwelekeo uligeuka. Wakenya walivuka Busia na Malaba wakikimbia, na wengi wao wakahifadhiwa Mulanda katika wilaya ya Tororo. Nchi iliyovunjika ikawa mwenyeji, na sebule ikawa imeungua. Tawasifu ya 2011, ambayo inaufikia uchaguzi huo, inapata uzito mwingine ikisomwa kutoka Mulanda.

Hata neno kimay linasikika vingine hapa. Kwa mtoto wa Nakuru aliyelelewa kwa Kiingereza na Kiswahili, lugha za wengine ni muziki usiofasirika. Mchuuzi wa Busia anayenunua samaki kwa Kisamia, kupatana bei kwa Kiteso, kudai chenji kwa Kiganda na kumjibu afisa wa forodha kwa Kiswahili hana haja ya neno hilo. Hilo halilibatilishi neno. Linaonyesha tu kwamba linaeleza upungufu wa tabaka fulani la mjini, wala si hali ya Kenya nzima kama baadhi ya wasomaji walivyolichukua.

5.0 Kwangu, Kwetu, Kwao

Tofauti ya maoni inaonekana wazi zaidi mhakiki anapojaribu kulitia jina la Discovering Home katika Kiswahili. Neno la Kiingereza halina mwenyewe. Nyumbani ya Kiswahili inaweza kusimama peke yake pia, lakini mara tu mtu anapoulizwa ni wapi, sarufi inamdai kimilikishi. Kwangu ni pale ninapoishi, nyumba niliyoijenga au kuipanga. Kwetu ni asili, na daima ni ya wengi. Mtu hata akiwa mwana wa pekee husema kwetu. Kwao ni asili ya wengine, na ndilo neno tunalolitumia kwa asili ya mama: kwao mama.

Safari ya Wainaina inapita katika maneno hayo matatu. Anatoka Afrika Kusini, ambako kwangu yake imemshinda. Anafika Nakuru, ambako ni kwetu. Kisha anakwenda kwao mama, kwa watu zaidi ya mia moja wanaotarajiwa, watoto wa nyumba moja ambao hawajakutana wote pamoja tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Swali la safari si nafsi yangu iko wapi. Swali ni kama kwao mama kunaweza kugeuka kwetu. Msomaji wa Kiswahili analo jina la tendo hilo: ni kwenda ujombani. Mtu haendi ujombani kujitafuta. Huenda kuonwa, kupimwa urefu, kuambiwa amefanana na nani, na kupewa nafasi katika orodha ya wajukuu.

Usomaji huu unaweza kulinganishwa na tawasifu nyingine iliyofika karibu kabisa na mpaka huu. Dreams from My Father ya Barack Obama, iliyochapishwa mwaka 1995, inamfikisha msimulizi Kogelo, Siaya, jirani ya Busia ya Kenya. Yeye anatafuta upande wa baba, ambao kwa desturi za jamii nyingi za hapa ndio unaompa mtu jina na ardhi. Anachokikosa ni haki inayotambulika. Wainaina anakwenda upande wa mama, ambao haumpi ardhi wala jina. Unampa mapenzi tu. Kwa sababu hiyo, upendo katika safari yake hauonekani kwa sura ambayo wasomaji wa tawasifu za mapenzi wameizoea. Msimulizi hakutani na mpenzi njiani. Anahudhuria mapenzi ya watu wengine, wazee wawili walioishi pamoja miaka 60, na kugundua kwamba yeye ni sehemu ya matokeo yake. Kitenzi cha kisa si kupenda bali kupendana, na kinahitaji zaidi ya mtu mmoja ili kikamilike.

6.0 Kujitambua, Kutambuliwa na Kitambulisho

Kiswahili kinatoa nyenzo ya pili. Kujitambua, neno linalotumika sana kufasiri lengo la tawasifu hizi, lina kirejeshi -ji-: mtendaji na mtendwa ni mmoja. Katika mzizi huo huo yamo maneno kutambuliwa, ambamo mtendaji ni mwingine, na kitambulisho, ambamo mtendaji ni serikali. Mpakani maneno haya matatu hayatengani. Mtu anaweza kujitambua apendavyo. Asipotambuliwa dirishani, hapiti. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa badala ya pasipoti, na mwaka 2018 kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa na marais wa nchi mbili. Wepesi huo ni faida kubwa kwa mchuuzi mdogo. Lakini ni wepesi wa kutambuliwa, na unaweza kuondolewa na aliyeutoa.

Katika safari ya 1995 msimulizi anapita bila ya mpaka kumuuliza lolote linalostahili kusimuliwa. Familia ina gari, ina hati, ina baba mwenye cheo. Pengo la Kisumu na Kampala ni alama ya upendeleo huo. Wasomaji waliousifu ulimwengu wa undugu usio na mipaka katika andiko hilo waliuchukua upendeleo wa msafiri kuwa tabia ya bara.

Mpaka unarudi mwaka 2014. Katika insha ile mwandishi kwanza anasimulia namna alivyokaa kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa na kumwambia ukweli wake. Kisha anafuta simulizi hiyo na kueleza kilichotokea hasa: hakufika. Alikuwa Afrika Kusini, hakuwa amemwona mama yake kwa miaka mitano, kwa hofu na aibu, na kwa sababu akitoka huenda asipate viza ya kurudi. Wasomaji wa mkondo wa nne, waliomuunga mkono na waliompinga, waliitazama hofu na aibu. Wachache waliitazama viza. Msomaji wa mpakani anaiona mara moja. Mama aliyevuka nchi kuolewa, na aliyempeleka mwanawe kwao akiwa hai, alifariki mwanawe akiwa amezuiwa, pamoja na mengine, na karatasi. Miaka mitano baina ya 1995 na 2000 ndiyo umbali kati ya safari ambayo mpaka haukuonekana na safari ambayo mpaka uliizuia isifanyike.

Kwa mtazamo huo, maandishi mawili ni safari moja. La kwanza linasimulia kufika. La pili linasimulia kutofika. La kwanza lilituzwa kwa sababu ya watu waliokusanyika. La pili linauma kwa sababu ya mmoja aliyekosekana. Kujitambua, ambako wasomaji wamekusherehekea, kulimjia akiwa na umri wa kutosha kusema. Kutambuliwa na mama, ambako ndiko alikokutaka, hakukumfika kamwe.

7.0 Pingamizi na Majibu

Huenda ikasemwa kwamba si haki kumlaumu mwandishi kwa asichokiandika. Pingamizi hilo ni zito, na jibu lake ni kwamba makala haya hayamlaumu mwandishi. Kila safari iliyoandikwa imefupishwa. Kinachohojiwa ni tabia ya wasomaji ya kuuchukua ufupisho kuwa ramani. Iser anatufundisha kwamba pengo ni mwaliko; kuuona mwaliko si kumshtaki mwenyeji.

Pingamizi la pili ni kwamba msomaji wa mpakani anaweza kugeuzwa mtakatifu, mtu mwenye lugha nyingi na ndugu kila upande asiyekosea. Huo utakuwa uzushi mpya. Mpaka huu umezaa udugu na umezaa pia ulanguzi, hongo na chuki za nyakati za vita. Anayevuka kila siku anaweza kuwa mwepesi wa kuwadharau wanaovuka mara moja. Wala hapana sababu ya kudhani kwamba wasomaji wa Busia na Tororo wangeipokea insha ya 2014 kwa moyo mmoja. Mgawanyiko ulioonekana kwingine ungeonekana na hapa. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi: kwamba nafasi hii ya kusomea inaonyesha kitu ambacho nafasi nyingine zimekikosa.

Pingamizi la tatu linahusu lugha. Kazi hizi ziliandikwa kwa Kiingereza, na wapo watakaouliza kwa nini zihakikiwe kwa Kiswahili. Jibu limekwisha kutolewa katika uchambuzi wenyewe. Tofauti ya kwangu na kwetu, ya kujitambua na kutambuliwa, haikuletwa ili kuipamba matini. Imefungua swali ambalo Kiingereza cha matini kiliweza kulikwepa. Kiswahili cha mpakani, ambacho upande wa Kenya ni lugha ya taifa na rasmi, na upande wa Uganda bado kinabeba kumbukumbu ya kambi za jeshi hata baada ya kutajwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili, kina uzoefu wa kuuliza maswali hayo. Katika dirisha la uhamiaji, kwenu ni wapi ni swali la kazi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia mikondo minne ya maoni kuhusu safari ya Binyavanga Wainaina, na kuonyesha kwamba yote imesomea katika upeo wa matarajio wa nafsi inayojipata. Yameonyesha kuwa ufupisho uliopo kati ya Kisumu na Kampala unaficha mahali penye historia, lugha na maumivu yanayoigusa safari hiyo moja kwa moja, na kwamba mpaka uliofichwa hapo unajitokeza katika insha ya 2014 kama sababu mojawapo ya mwana kutomzika mama yake kwa maneno aliyoyataka.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, wanaofundisha tawasifu za safari katika shule na vyuo vya Afrika Mashariki wanapaswa kuyasoma maandishi hayo mawili pamoja, na kuwauliza wanafunzi wao barabara ilipita wapi na nani aliruhusiwa kupita. Pili, atakayezifasiri kazi hizi kwa Kiswahili atalazimika kuamua pale ambapo Kiingereza hakikuamua. Akiandika kugundua kwangu, atakuwa amewafuata wasomaji wa Marekani. Akiandika kugundua kwetu, atakuwa amewafuata wajomba wa Bufumbira. Akiandika kugundua kwao, atakuwa amesimama na mwandishi mwenyewe mlangoni, kabla ya kukaribishwa. Mwandishi alifariki Mei 2019. Uamuzi huo sasa ni wa wasomaji wake, na wanaoishi kati ya Busia na Tororo wana haki ya kusikilizwa unapofanywa.